Kwao Mtoto ni Wapi?

Ipo faida gani kumvusha bahari mtoto asiyetimiza miaka miwili, kumpeleka kuiona nchi waliyotoka wazee wake, ilhali akirudi hatakumbuka hata kitu kimoja? Niliulizwa swali hili na watu wengi, baadhi kwa mzaha, baadhi kwa kuzionea huruma fedha zangu za kiinua mgongo. Mmoja aliniambia, "Bibi, ungengoja angalau aanze skuli. Sasa hivi utabeba mzigo tu." Nilijibu la kujibu, tukacheka, mazungumzo yakaisha. Lakini swali halikuisha. Kila nikiligeuza naona kwamba chini yake lipo jingine kubwa zaidi: mtu anaposemwa kuwa ana kwao, ana kitu gani hasa? Ni nani anayempa kitu hicho, na ni nani anayeweza kumnyang'anya?

Haya si maswali ya wasomi peke yao. Katika visiwa vyetu na pwani yetu, ni nyumba chache ambazo hazina babu aliyetoka ng'ambo au bibi aliyetoka bara. Hadhramaut, Ngazija, Oman, Bara Hindi, Uyao, Unyamwezi, Umanyema: watu wa kote huko wamo ndani ya damu zetu. Kwa hiyo ninapoeleza yaliyotupata sisi, nadhani msomaji ataona na yake humo.

Mimi nilizaliwa Unguja mwaka 1956, na nilisomesha skuli za msingi mpaka nilipostaafu. Babu yangu mzaa baba alikuja hapa akiwa kijana, kwa jahazi lililoshuka na upepo wa kaskazi, akitokea kijiji kimoja kisicho mbali na mji wa Nizwa, katika Oman ya ndani, mbali na pwani. Alifungua duka, akafanya biashara ya karafuu, akaoa, akazaa, akafa na kuzikwa hapa hapa. Ndugu yake alibaki kule kwenye mitende. Kwa muda mrefu habari zao zilitufikia kwa barua mojamoja tu. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya Oman waliokuwa Unguja, Pemba na bara walikwenda kuishi huko, na kwa kupitia kwao njia ya habari ikafunguka. Binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, kaka yangu wa kule, ambaye ni mjukuu wa yule ndugu wa babu na umri wake umeshapindukia miaka 80, alileta salamu kwamba anapenda kumwona mtoto kabla hajafa. Basi Januari 2023 tukaondoka watu watatu: mimi, binti yangu, na mtoto wa miezi 22, mke mwenzangu, kama tunavyotaniana sisi mabibi na wajukuu wetu wa kike.

Kusafiri na mtoto wa umri huo kunamfundisha mtu mzima adabu. Babu alikaa baharini wiki kadhaa, na kabla ya hapo alingoja upepo ugeuke. Sisi tulikaa angani saa tano na kidogo, nazo zilikuwa ndefu kuliko wiki zake. Ndege ilipoanza kushuka masikio ya mtoto yakaziba, akalia kilio cha kuwaamsha abiria wote, mpaka mama yake alipompa ziwa akanyonya, na kule kumeza kukamfungua masikio. Kwenye dirisha la pasi alinyanyuliwa ili uso wake ulinganishwe na picha. Yeye akamwonyesha ofisa yule biskuti iliyokwisha kutafunwa nusu. Hakujua kwamba hapo palikuwa ni mpaka, wala kwamba upande wa pili wa mpaka ule ndiko wanakosema watu kuwa ni kwao.

Kijijini ilikuwa hivyo hivyo. Kaka yetu, kwa kuegemea bakora yake, alituongoza mpaka mtaa wa zamani, ambao sasa hauna watu. Wenyewe wamehamia nyumba za saruji upande wa barabara. Akatuonyesha nyumba ya udongo aliyozaliwa babu. Dari imeporomoka, magogo ya mitende yametokeza nje kama mbavu. Mimi nilishindwa kusema. Binti yangu alipiga picha. Mtoto aliokota kijiwe akakitia mdomoni, tukamkimbilia. Ziara ya nyumba ya babu ikaishia hapo.

Vitu alivyovipenda vilikuwa viwili. Cha kwanza ni maji ya falaji, yaani mfereji wa kale unaopita katikati ya mashamba ya mitende. Cha pili ni mbuzi wa wifi yangu. Kwa wiki nzima ilikuwa "buzi, buzi", na tuliporudi Unguja aliendelea kumwita kwa siku kadhaa. Tulikwenda zaidi ya kilomita 3,500 ili mtoto akampende mbuzi, na mbuzi tunao hapa mtaani, wanakula maboksi kila asubuhi.

Hapo ndipo wanaotucheka wanapopata nguvu, nao wana wakubwa wa kuwaunga mkono. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, aliyeishi katika karne ya 17, alishikilia kwamba mtu huwa ni yule yule kwa kadiri fahamu yake inavyoweza kurudi nyuma na kuyatambua aliyoyafanya kuwa ni yake. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1905, alistaajabia namna miaka yetu ya mwanzo inavyofunikwa na usahaulifu. Wataalamu waliomfuatia wameona kwamba watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya mambo yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka mitatu hivi. Tukiyaunganisha haya mawili, basi yule mtoto aliyechezea maji ya falaji na mwanamke atakayekuja kuwa hapo baadaye si mtu mmoja kwa kipimo cha Locke. Tulimpeleka mtu mwingine, tukamrudisha, na mtu huyo atatoweka kabla hajaanza skuli.

Lakini sidhani kwamba kipimo hicho kinatosha. Hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka siku aliyojifunza neno "maji", wala siku aliyoinuka akatembea, wala mkono uliomshika asianguke. Hata hivyo tunasema, tunatembea, na tunaamini kwamba tukianguka atatokea mtu wa kutuinua. Mambo yaliyotujenga zaidi ndiyo tusiyoyakumbuka. Kukumbuka ni kazi ya ghorofa ya juu, na msingi ulishachimbwa na kujazwa mawe kabla ya mtu kufika huko. Wale wazee waliompakata mjukuu wangu wakamnong'oneza dua sikioni, yeye hatawakumbuka. Lakini alipakatwa. Jambo likitendeka limetendeka, hata kama aliyetendewa hana habari nalo.

Aidha lugha yetu yenyewe inatufundisha jambo hapa. Mswahili akisema "kwangu" huwa anataja nyumba anayolala. Lakini akitaka kutaja alikotoka hasemi "kwangu", husema "kwetu", hata akiwa ni mtu mmoja tu, mpweke, asiye na ndugu hata mmoja karibu. "Kwetu Makunduchi." "Kwetu Tanga." Kwa maana hiyo asili haimilikiwi na mtu mmoja. Ndani ya neno hilo wamo watu wengine. Kwetu si pale ninapopakumbuka mimi, bali ni pale ambapo wapo watu wanaonihesabu kuwa ni mmoja wao. Ikiwa ndivyo, basi kusahau kwa mtoto hakuharibu kitu. Hatukumpeleka ili aijue Oman. Tulimpeleka ili ajulikane. Sasa wapo watu kule wanaouliza, "Yule mtoto wa mbuzi hajambo?" Akija kwenda siku moja akiwa na miaka 30, atawakuta watu wanaomjua, ingawa yeye hawajui.

Jibu hili lilinipendeza sana, nikatulia nalo siku mbili tatu. Kisha likanifikisha mahali pagumu, na mahali hapo ndipo penye hasa ninalotaka kulisema.

Babu yangu alimwoa nani? Bibi yangu mzaa baba aliletwa Unguja akiwa mtoto mdogo, kwa hesabu za baba yangu katika miaka ya mwisho ya 1880. Wakati huo biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1873, lakini magendo yalikuwa yakiendelea. Alipitia Kilwa. Aliuzwa katika nyumba moja ya mjini. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilimkuta msichana, na baadaye, akiwa mtu huru, aliolewa na babu. Baba yangu alizaliwa mwaka 1915. Kwa sheria na kwa mila, baba alikuwa Mwarabu wa Oman kamili, kwa kuwa nasaba hufuata kuumeni. Bibi alizaa ukoo usiokuwa wake.

Watu walimwita Mnyasa. Hayo ndiyo yote tuliyonayo kuhusu kwao. Na Nyasa ni ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, limezungukwa leo na nchi tatu, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Tena neno "Mnyasa" hapa Unguja lilitumiwa kwa watu waliotoka sehemu nyingi za upande ule, hata wasiowahi kuliona ziwa. Kijiji hatukijui, mto hatuujui, lugha aliyoimbiwa akilala hatuijui. Hata jina hatulijui. Jina tulilonalo ni lile alilopewa na waliomnunua, na ni jina la kiungo cha chakula, kama walivyozoea baadhi ya mabwana kuwapa watumwa wao wa kike.

Marehemu mama alinihadithia kwamba bibi huyu alikuwa akinipakata. Alikufa mwaka 1958, nami nilikuwa na miaka miwili. Sikumbuki chochote. Sikumbuki sauti, wala harufu, wala kanga. Kwa hiyo ninaposema kwamba aliyepakatwa amepakatwa hata kama hakumbuki, sisemi habari za mjukuu wangu peke yake.

Sasa tazama hesabu ilivyo. Ikiwa kwetu ni pale wanapotuhesabu, basi kuumeni tunako na kukeni hatuna. Kule Nizwa wapo watu wanaomuulizia mtoto. Kule Nyasa, mahali fulani, bila shaka wapo watu wa damu yetu, vitukuu vya dada na kaka zake bibi, nao hawajui kwamba sisi tupo. Na kama zamani palikuwa na mama aliyekaa akingoja, naye ameshakufa pamoja na waliomjua. Profesa John Mbiti, Mkenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno yetu mawili, "sasa" na "zamani", kueleza kwamba marehemu huendelea kuwa karibu na walio hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina lake, na akiisha kufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo huzama katika zamani. Nilipolisoma hilo nilijiuliza: na yule aliyenyang'anywa jina akiwa na miaka sita au saba, je? Huyo alisukumwa kwenye zamani ya watu wake akiwa bado hai, akipika, akifua, akipakata wajukuu.

Tunayo methali tunayopenda kuwafundisha watoto: "Mkataa kwao ni mtumwa." Niliwahi kuiandika ubaoni miaka mingi, na wanafunzi wakaitungia insha. Siku hizi nikiisikia inanichoma. Methali inasema anayeikataa asili yake hugeuka mtumwa. Bibi yangu hakukataa kwao. Alifanywa mtumwa kwanza, na kwa sababu hiyo akakoseshwa kwao. Methali imeyataja yote mawili, lakini kwake yeye mambo yalikwenda kinyume. Hatari ni kwamba akili yetu huteleza, tukadhani kwamba asiye na kwao ana kasoro fulani, kana kwamba alikipoteza mwenyewe kwa uzembe. Tunaojivunia babu aliyekuja kwa jahazi kwa hiari yake tunapaswa kukumbuka kwamba chini ya majahazi mengine walilazwa watu ambao hawakuulizwa.

Jambo hili nililisema kule kule. Siku ya tano kaka yetu alitoa karatasi ya nasaba. Tulikuwa tumekaa chini, mbele yetu tende, halua na kahawa yenye iliki. Karatasi ilianza na jina la mtu wa vizazi vingi nyuma na kushuka, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, mpaka kwa babu, baba yangu, na kaka zangu. Yeye Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo wifi yangu, mkewe, aliyezaliwa Unguja na kuondoka katika miaka ya 1970, ndiye aliyekuwa mkalimani. Kiswahili chake ni cha Unguja ya utoto wangu, hakijaongezwa wala kupunguzwa. Nikamwambia, "Wifi, mwambie kaka kwamba karatasi ni nzuri, lakini bibi yangu hayumo. Na yule alikuwa mtu, alikuwa na mama."

Wifi alinitazama kidogo, kisha akatafsiri. Mzee alinyamaza. Nilidhani nimemwudhi, maana mimi ni mgeni na nimekula chakula chake. Kisha akasema maneno ambayo wifi aliyarudisha hivi: "Anasema hata mama yake yeye hamo. Anasema hakuwahi kuliona hilo mpaka leo."

Na ni kweli, hakukuwa na mwanamke hata mmoja kwenye karatasi ile. Binti yangu hayumo, mimi simo, wala mtoto yule aliyeitwa kutoka Unguja aje aonwe hataingia. Kwa mujibu wa karatasi, mtoto wa binti yangu ni wa ukoo wa baba yake, hana haki ya zile tende. Lakini walikuwa wakimlisha tende kwa mikono yao. Mzee mwenyewe alikuwa akimtolea kokwa kwanza. Nikaona kwamba mapenzi ya watu wale yalikuwa mapana kuliko karatasi yao, na kwamba walikuwa wameishi hivyo siku zote bila kuliandika.

Hata maji yao yanasema hivyo. Falaji za Oman, ambazo tano kati yake UNESCO ilizitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, huanza mbali, mara nyingi chini ya milima, kwenye kisima ambacho hakionekani kijijini. Maji hutiririka kwa mteremko peke yake, sehemu kubwa yakipita chini ya ardhi, mpaka yatokeze mashambani, na hapo hugawanywa kwa zamu za muda, ambazo zamani zilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Zamu ya maji hurithiwa na huandikwa. Kile kisima cha mwanzo wanakiita mama wa falaji. Wanajua vizuri kwamba yote yanayohesabiwa juu yametoka kwake.

Mzee aliigeuza karatasi. Nyuma aliandika jina la mama yake, kisha akauliza jina la bibi yangu. Nikalitaja. Aliposikia ni jina la kiungo, kalamu ikasimama, naye akamwambia mkewe neno. Wifi akaniambia taratibu, "Anauliza, wifi, ndilo jina alilopewa na mama yake?" Nikasema silo. Akauliza kama aliandike. Hapo nilifikiri. Jina lile alipewa kama anavyopewa paka. Lakini mumewe alimwita kwa jina hilo, watoto wake waliitwa kwa jina hilo, "wana wa fulani", na kwa jina hilo aliombewa dua alipozikwa. Kulifuta ni kufuta pia miaka yote aliyopendwa. Nikasema, "Liandike, lakini kabla yake acha nafasi wazi." Ndivyo alivyofanya. Kisha chini yake akaandika jina la baba yangu, langu, la binti yangu, na la mtoto.

Wapo watakaosema kwamba ni bora kuyaacha haya yote. Nao wana hoja nzito. Wenye umri wangu tunajua asili ilivyotumiwa kugawa watu katika visiwa hivi, kuanzia siasa za uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Nilikuwa na miaka saba. Mtu aliulizwa kabila lake, na jibu liliweza kumwokoa au kumwangamiza. Kwa nini basi kumtwisha mtoto mzigo huo? Mwache awe mtoto wa Unguja, apende mbuzi wa mtaani kwake, yatosha.

Nimelipima wazo hili, nami siwezi kulifuata, kwa sababu moja. Asili iliyotugawa haikuwa asili kamili, ilikuwa nusu. Kila mmoja alichagua upande mmoja wa damu yake akaufanya kuwa ndio yeye, na upande wa pili akaufukia. Mtu anayejua kwamba ndani yake wamo mwuzaji na aliyeuzwa, mwenye nyumba na aliyefagia nyumba hiyo, si rahisi kwake kunyoosha kidole na kusema "wale". Mtoto akiachwa bila asili, atakuja mtu siku moja amuuzie nusu, na kwa kuwa hana kitu, ataipokea kwa furaha. Afadhali tumpe nzima mapema, pamoja na pengo lake.

Pengo hilo nalo lataka uaminifu. Baadhi ya watu wema wamenishauri nimpeleke mtoto Nyasa pia, tusimame ufukoni, tupige picha, ili pande mbili zilingane. Naelewa nia yao, na huenda siku moja tukaenda kulitazama ziwa. Lakini siwezi kusimama mahali nisipopajua nikamwambia mtoto, "Ni hapa." Huko kungekuwa kumpa bibi jina jingine la kubuni, baada ya lile la kwanza. Kile alichoporwa hakirudishwi kwa hadithi tamu. Kumheshimu ni kusema "hatujui", na kusema pia kwa nini hatujui.

Kwa hiyo narudi kwa wale waliouliza faida. Mtoto wa miezi 22 ana sifa moja ambayo msafiri mwingine hana: hawezi kutusahihisha. Atakachokijua kuhusu safari yake ni kile tutakachomwambia. Wazee waliompakata watakufa, naye mwenyewe atasahau, na katikati tumebaki sisi, tunaokumbuka kwa niaba ya wote. Hiyo ni amana, na amana ya mtu asiyeweza kuidai ndiyo nzito kuliko zote. Tukitaka tutamwambia kwamba alikwenda kwao, akaona nyumba ya babu yake mtukufu, basi. Kila neno litakuwa la kweli na jumla yake itakuwa uongo.

Mimi nimekusudia kumwambia yote, kidogokidogo, kwa kadiri ya umri wake. Nitamwambia kwamba ana kwao ambako alikwenda akafurahiwa, na watu wa huko wanamuulizia hadi leo. Nitamwambia pia kwamba ana kwao kwingine ambako hatujui ni wapi, kwa kuwa mtoto mdogo, aliyemzidi yeye miaka michache tu, alichukuliwa huko asirudi, na wala si kosa la mtoto yule. Akiniuliza kupi ndiko kwao hasa, nitamjibu kwamba kote kuwili ni kwao sawasawa, na kwamba kule kusikojulikana hakupungui kwa sababu hakuna wa kutupokea. Akiuliza zaidi ya hapo, sitakuwa na jibu, naye atakuwa amekua kiasi cha kuanza kuulizia mwenyewe.